Santuri ya Dakika Tatu, Karisi ya Siku Kumi na Mbili

Barabara ya Goma kwenda Walikale hupita Sake, hukwea milima ya malisho ya Masisi, hufika Masisi-centre, kisha huelekea Nyabiondo. Kuanzia hapo malisho hupungua na msitu hushika nafasi yake. Nyabiondo iko katika sekta ya Osso-Banyungu, nchi ya Wahunde, na anayeendelea na safari kuelekea magharibi huingia nchi ya Wanyanga. Kila upande una lugha yake. Lakini mbele ya mizani ya maharagwe, nyuma ya dereva wa pikipiki, au chini ya turubai mvua inapofunga njia, lugha inayowakutanisha watu ni Kiswahili, kile Kiswahili cha mashariki ya Congo ambamo mke huitwa muke.

Magazeti ya mbali huitaja Nyabiondo kunapotokea mapigano, kisha huinyamazia. Mapigano hayo ni ya kweli, na wenyeji wameyalipia kwa maisha na mashamba yao. Lakini lugha ya soko lake na msitu ulio mbele yake vinashika historia nyingine, ambayo haijasimuliwa vya kutosha. Katika miaka ya 1950 kazi mbili kubwa za sanaa zilinaswa kusini na mashariki ya Congo. Moja ilinaswa kwenye santuri kule Jadotville, Katanga, ikiwa ya mwanamuziki aliyeimba kwa Kiswahili. Nyingine ilinaswa kwenye daftari katika kijiji cha Bese, Walikale, ikiimbwa kwa Kinyanga. Zote zilipata sifa nchi za mbali. Zote zimekuwa ngumu kupatikana mahali zilikotoka.

Wapenzi wa rock wanaifahamu vizuri hadithi ya santuri iliyopuuzwa na kufufuka. Sixto Rodriguez wa Detroit alitoa albamu ya *Cold Fact* mwaka 1970; Marekani haikumsikiliza, naye akarudi kwenye kazi za mikono. Kumbe huko Afrika Kusini na Australia santuri yake ilikuwa ikipigwa vyumbani mwa vijana, na filamu ya 2012 iliyosimulia jinsi alivyotafutwa ikapata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Karibu zaidi na Congo, vijana wa Zambia walipiga rock ya magitaa yenye sauti kali mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bendi ya WITCH ilikuwa mbele yao. Miaka mingi baadaye wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walizichapisha upya santuri zao, na mwimbaji wa WITCH, Emanuel "Jagari" Chanda, ambaye alikuwa ameingia kwenye uchimbaji wa vito, akarudi jukwaani akiwa mzee. Katika Masisi na Walikale, ambako vijana wengi huwekeza nguvu zao mashimoni wakitafuta madini, maisha ya Jagari hayahitaji maelezo marefu.

Santuri ya Jadotville ilitangulia hizo zote.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Katanga na gari lililojaa mitambo. Alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1903, aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kulima tumbaku na kaka yake, akavutwa na nyimbo alizozisikia shambani, na hatimaye akaifanya kazi ya kurekodi muziki wa Afrika kuwa kazi ya maisha yake. Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya uvumilivu. Jenereta iliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye rekodi, waya mrefu ukavutwa hadi mahali pa wapigaji, na yeye mwenyewe alishika kipaza sauti mkononi, akikisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa chombo, kisha kwa mwimbaji tena. Kila wimbo uliandikiwa kadi: lugha, mahali, chombo, jina la mpigaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Tracey alilijua hilo kama mfanyabiashara wa Pwani.

Jadotville, Likasi ya leo, ulikuwa mji wa migodi ya shaba. Huko Tracey alikutana na kijana wa miaka kama 22 aliyekuwa na gitaa. Aliitwa Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya.

Bunkeya si jina dogo. Ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke, ambao wazee wao walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakifuata shaba na pembe za ndovu. Msiri mwenyewe aliitwa Mwenda. Aliuawa Desemba 1891 na afisa wa msafara wa Stairs uliotumwa na mfalme Leopold wa Ubelgiji. Kijana wa gitaa alibeba jina la nasaba hiyo, na miaka ya baadaye alipendelea kuitwa Mwenda wa Bayeke. Kiswahili alichoimba nacho kilikuwa kimepita njia hizo za misafara. Kingine kilipita njia ya Manyema, Nyangwe na Kasongo, pamoja na watu wa mfanyabiashara Tippu Tip, kikapanda kaskazini hadi misitu ya Walikale. Ndiyo maana wimbo wa Katanga hauhitaji pasipoti kuingia Nyabiondo. Lugha ni ndugu, lafudhi tu ndizo zinazotofautiana.

Wimbo uliotoka kwenye mitambo ya Tracey uliitwa "Masanga". Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu. Ndani ya nafasi hiyo finyu Mwenda aliweka mambo ambayo wapiga gitaa wa dunia nzima bado wanayachambua. Alipiga kwa vidole viwili, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilishika mwendo wa chini bila kutetereka, kidole cha shahada kikapita juu kama mtu anayeruka mawe ya mto, wala hakikurudia njia ileile mara mbili. Msikilizaji asiyemwona huapa kwamba kuna magitaa mawili. Mapigo yenyewe hayakai katika hesabu moja, kwa kuwa sikio huweza kuyahesabu kwa tatu au kwa mbili na kote kuwili hesabu ikakubali. Watu waliokua na ngoma za kijijini huisikia hali hiyo bila kufundishwa. Wanaotoka nje huandika makala.

Na waliandika. Jumuiya ya Muziki wa Kiafrika, ambayo Tracey alishiriki kuianzisha mwaka 1948, iliipa "Masanga" Tuzo ya Osborn ya 1952 kama wimbo bora wa Kiafrika wa mwaka. Miaka ya 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la *African Music* uchambuzi wa ubunifu wa Mwenda, akiandika kila noti ya gitaa kama fundi saa anayefungua gurudumu moja baada ya jingine. Ni kazi ya heshima kubwa. Kwa wakati ule ni nani mwingine aliyekuwa akimchambua kijana Mwafrika wa gitaa kwa umakini waliochambuliwa nao watunzi wa Ulaya?

Mwenda hakuwa peke yake. Binamu yake Edouard Masengo alipiga naye, na Masengo alikuwa pia mmoja wa nyota wa JECOKE, kikundi cha vijana wachekeshaji na wachezaji waliojitwalia jina la mtaa wa Kenia, Elisabethville. Losta Abelo alikuwa rafiki na mwenzao. Masikio yao yalikuwa wazi. Tangu 1933 kampuni za Uingereza ziliuza Afrika santuri za Cuba za mfululizo wa GV, na Trio Matamoros ilisikika hadi kwenye kambi za wachimbaji. Filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani ziliwaonyesha wanaume wakipiga gitaa juu ya farasi. Wafanyakazi waliosombwa na kampuni ya Union Minière walikuja kila mmoja na ngoma za kwao, kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda. Vijana wa Katanga waliyachukua yote hayo wakayafinyanga upya. Kuwaita waigaji ni kutowasikiliza.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 wimbo uliwavusha mpaka. Mwenda alikaa Nairobi, akawa na kipindi chake redioni kilichodhaminiwa na dawa ya Aspro. Masengo naye alikwenda huko, akaimba hata matangazo ya Coca-Cola. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Kenya kiliwasikiliza. Magharibi mwa nchi hiyo vijana walichukua ule mwenendo wa vidole wakauchanganya na midundo ya kwao, na hadi leo mzee wa Kakamega anayepiga gitaa kavu anaweza kutaja majina ya Katanga kana kwamba ni ya jirani zake.

Kisha ukimya ukaanza, na sababu zake zinafaa kutazamwa moja moja, maana mtu hasahauliki bila sababu.

Sababu ya kwanza ni umeme. Léopoldville ilikuwa na kampuni zake, Ngoma tangu 1948, halafu Opika na Loningisa, na ilikuwa na vikundi vikubwa: African Jazz ya Kabasele, OK Jazz iliyozaliwa 1956. Gitaa la umeme, saksafoni na kongas zilipopamba moto, kijana mmoja na gitaa kavu alionekana kama mtu wa jana. Ya pili ni lugha. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi na ya vikundi hivyo, ikapanda nao kwenye redio ya taifa. Waimbaji wa Kiswahili wa mashariki na kusini walijikuta pembeni ya muziki wa nchi yao wenyewe, na Nairobi walikuwa wageni. Ya tatu ni siasa. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Katanga ikatangaza kujitenga. Vita vilidumu hadi Januari 1963. Mwaka 1964 ukaleta uasi wa Simba mashariki. Santuri za mzunguko wa 78 zilitengenezwa kwa utomvu mgumu wa lakiri, na huvunjika zikianguka kama sahani ya udongo. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, sufuria na blanketi.

Kuna sababu ya nne ambayo wachache huitaja: majina. Anayeshika santuri ile ya 1952 husoma Jean-Bosco, Jadotville, Congo ya Ubelgiji. Mwaka 1966 Jadotville ikawa Likasi, na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na Katanga ikageuka Shaba. Mwaka 1972 sera ya uhalisia ya Mobutu iliwataka watu wayaache majina ya ubatizo. Hivyo basi ndani ya miaka sita hapakubaki neno hata moja kwenye lebo linalolingana na ramani au kitambulisho. Mtu angeandika barua kwa Bwana Jean-Bosco wa Jadotville, na posta ingeipeleka wapi?

Mwenda mwenyewe hakuwa amepotea. Mwaka 1969 alisimama peke yake na gitaa kwenye tamasha la Newport huko Rhode Island, Marekani, mwaka ambao Johnny Cash na Joni Mitchell walikuwapo. Baadaye alirudi kwenye shughuli zake: kazi ya benki, kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines, bendi, hoteli. Watu wa Lubumbashi walimjua, walimsalimia. Kilichopotea ni santuri, na pamoja nayo uhusiano wa vijana na ule mkono.

Waliokuja kutafuta walitoka mbali. John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alifunga safari hadi Shaba kuwatafuta wakongwe, akachapisha Vienna mwaka 1982 kitabu cha *Shaba Diary*. Kichwa chake kidogo kinasema waziwazi kwamba ni safari ya kugundua upya mitindo ya gitaa na nyimbo za Katanga za miaka ya 1950 na 1960. Alikaa na kina Masengo na Losta Abelo, akajifunza nyimbo kwa vidole, akiuliza mpaka akaelewa. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena, safari hii Cape Town, na sauti yake ya uzeeni ina uzito ambao kijana wa 1952 hakuwa nao. Mwaka 1990 mwandishi na mpiga gitaa Mmarekani Elijah Wald alikwenda Lubumbashi, akawa mwanafunzi wa Mwenda na wa Masengo. Alifika kwa wakati. Septemba mwaka huo huo Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Baada ya kifo hicho rekodi za Tracey zenyewe zilifunguliwa tena. Tracey alikuwa ameziacha katika maktaba ya muziki ya ILAM, aliyoianzisha 1954 na ambayo ilihamia Grahamstown, Afrika Kusini, mwaka uliofuata kifo chake cha 1977. Michael Baird, mpiga ngoma aliyezaliwa Zambia na kuishi Uholanzi, aliingia humo akatoa kupitia kampuni yake ya SWP diski baada ya diski, mojawapo ikiwa ya chimbuko la gitaa la kusini mwa Congo na kaskazini mwa Zambia. Nyingine ina Wanande na majirani zao wa ukingo wa Ituri, waliorekodiwa katika safari ileile ya 1952. Wajukuu wa waimbaji wale wapo Beni na Butembo.

Kazi hizo zote zinastahili shukrani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini ukizisoma makala na maelezo ya diski kwa pamoja, jambo moja linajitokeza: karibu kila mtafutaji alivutwa kwanza na nyuzi. Rycroft aliandika noti za gitaa kwa sababu gitaa ndilo lililokuwa somo lake. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani hujifunza "Masanga" kama zoezi la vidole, na wengi huishia kwenye nyuzi. Nusu ya kazi ya Mwenda, nusu yenye maneno, imebaki ikisubiri. Mwenda aliimba Kiswahili cha watu wa kambi za migodi na mitaa ya mji, chenye "Kijana Muke" na "Tambala Moja" miongoni mwa majina ya nyimbo zake, Kiswahili ambacho msomaji wa Mombasa angekiona kimepinda na msomaji wa Nyabiondo angekiona kimenyooka kabisa. Hakuna mtaalamu wa nje anayeweza kumshinda mama wa Masisi katika kulielewa neno muke, pamoja na sauti inayolizunguka, kama ni ya upendo, ya lawama au ya utani. Kazi hii haijamaliza kugunduliwa mpaka iwafikie wasikilizaji wa aina hiyo.

Kazi ya pili ina hali iliyo kinyume, na hapo ndipo Walikale inapoingia.

Miaka minne baada ya Tracey kupita, Mbelgiji Daniel Biebuyck alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wanyanga. Alikuwa ameshasikia vipande vya karisi, masimulizi marefu ya mashujaa, lakini vipande tu. Ndivyo desturi ilivyo. Anayeimba karisi, anayeitwa shekarisi, haimalizi yote kwa mfululizo. Huimba sehemu jioni moja na sehemu nyingine siku nyingine, kwa kadiri ya wasikilizaji na pombe iliyopo. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, shekarisi Candi Rureke alikubali kuimba habari za Mwindo tangu mwanzo hadi mwisho.

Ilichukua siku 12. Umati wa wanaume, wanawake na watoto ulimzunguka. Rureke aliimba, akasimulia, akacheza, akaigiza kila mhusika. Kiganjani alikuwa na kayamba ya kibuyu, mkono wa pili usinga kama ule wa Mwindo mwenyewe, na njuga miguuni. Vijana walipiga kwa vijiti gogo lililolazwa juu ya vipande vya miti ili lipate mwangwi, na walioketi waliitikia nyimbo. Wasikilizaji walimtuza, naye hakuona haya kuomba zawadi katikati ya hadithi, akizichomeka shida zake ndani ya shida za shujaa. Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga waliandika neno kwa neno, mkono ukikimbizana na mdomo.

Hadithi yenyewe ni ya mtoto aliyekataliwa. Chifu Shemwindo wa Tubondo aliamuru wake zake wazae mabinti tu. Mwindo akazaliwa mvulana, anatembea na kuongea siku ileile, usinga mkononi. Baba alimrushia mkuki, akamzika, mwisho akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Ngoma ikaimba ndani ya maji! Mwindo alielea hadi kwa shangazi yake Iyangura, akapata msaada wa wajomba popo, ambao ni wahunzi, na wa Nkuba, radi. Baba alipokimbia aling'oa mmea uitwao kikoka, akapenya shinani, akashuka chini ya ardhi kwa Muisa. Mwana akamfuata kwa njia hiyohiyo. Kila Mnyanga aliyewahi kufyeka shamba anaujua mmea huo. Kuzimu ya hadithi hii haiko mbali. Mlango wake uko kando ya njia.

Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha California kilichapisha *The Mwindo Epic*, kazi ya Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu Mnyanga ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala na kupigania lugha za Kiafrika shuleni. Kitabu kina tafsiri ya Kiingereza na maneno ya Kinyanga yenyewe. Mwaka 1978 Biebuyck aliongeza matoleo mengine ya karisi katika *Hero and Chief*. Tangu hapo Mwindo husomwa katika vyuo vya Marekani pamoja na Gilgamesh na Sundiata, na wanafunzi wasioweza kuionyesha Walikale kwenye ramani huandika insha kuhusu usinga wa Mwindo.

Linganisha sasa. Kutoka Jadotville dunia ilipokea sauti, na maneno yakabaki kando. Kutoka Bese dunia ilipokea maneno, na kitabu, kama vitabu vyote, ni kimya: kayamba haisikiki, gogo halilii, umati hauitikii, na kucheka kwa watoto Rureke alipoigiza kumegeuka nukta na mkato. Na katika hali zote mbili chombo kilichoihifadhi kazi kilizungumza na watu wengine kuliko waliokuwa wamekaa pale. Santuri iliuzwa kwa fedha ambazo wachimbaji wachache tu walikuwa nazo. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza, ilhali wenye hadithi wako katika nchi ambayo shule hufundisha kwa Kifaransa.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si ya wakusanyaji wa santuri peke yao. Kazi ya Mwenda ni rahisi kurudisha: rekodi zipo, ni safi, na Kiswahili chake kinaeleweka kuanzia Likasi hadi Rutshuru. Inachohitaji ni redio za jamii za Kivu kuipiga na kuizungumza, na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari kuwapa wanafunzi kazi ya kuandika maneno yake kwa mkono, kila mtu alivyosikia, kisha kubishana. Mabishano hayo yangekuwa na thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo ya diski.

Karisi ni ngumu zaidi. Maneno ya Rureke yapo kwa Kinyanga, kurasa kwa kurasa, na mtu anayejua lugha anaweza kuyasoma kwa sauti leo. Ila namna ya kuyaimba hujifunzwa kwa kuwa msaidizi, kwa kushika kijiti na kuitikia miaka kadhaa kando ya mwimbaji mzee, mara nyingi ndugu. Kuhamahama kwa miaka 30 ya vita kumewatenganisha wazee na wasaidizi wao. Shekarisi aliye kambini hana gogo, hana uwanja, na kijana ambaye angeshika kijiti yuko shimoni akitafuta madini au ameenda Goma.

Katika masoko ya mashariki ya Congo wapo vijana wenye kompyuta ndogo na betri ya sola, wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu kwa malipo kidogo. Mteja hutaja msanii, kijana hubonyeza, nyimbo mia huingia kabla mteja hajamaliza muhindi wa kuchoma. Kadi ya ukubwa wa ukucha ingezibeba siku zote 12 za Rureke, usiku na mchana, na nafasi ya "Masanga" ingebaki.